Chaja ya betri ya gari: namba kubwa kwenye boksi siyo ya kuangalia kwanza

Asubuhi gari linapogoma, stata ikagonga "tik, tik" na taa za dashibodi zikafifia, ushauri humfikia mwenye gari kutoka pande zote kwa wakati mmoja. Mlinzi anasema betri imekufa, inunuliwe nyingine. Jirani anasema waya wa kubusti unatosha, kisha gari lizungushwe barabarani nusu saa na betri itajaa yenyewe. Shemeji anasema kwenye simu kwamba dawa ni kununua chaja, tena ile ya ampea 30, ili jambo hili lisijirudie. Mwenye gari anafika Kariakoo, au Kirinyaga Road kama yuko Nairobi, na kukuta maboksi yamepangwa hadi darini: hili limeandikwa 4A, lile 10A, lile 30A, na mara nyingine la ampea 4 linauzwa ghali kuliko la ampea 30. Hapo wengi huamua kwa kukisia, na wengi hukisia vibaya.

Ninaandika makala haya kwa sababu nimeona betri nyingi nzuri zikiuawa na chaja, na kila mara aliyeinunua chaja hiyo alikuwa na nia ya kuitunza betri yake. Ninachotaka kukieleza ni kwamba ubora wa chaja hujulikana kwa namna inavyomaliza kazi, ilhali namba kubwa iliyo usoni mwa boksi hueleza namna inavyoanza tu. Ili hilo lieleweke vizuri, inabidi tuanze na betri yenyewe.

Volti, ampea na ukubwa wa betri

Betri ya kawaida ya gari ni seli sita zilizoungwa kwa mfuatano ndani ya kasha moja la plastiki, kila seli ikitoa kama volti 2.1. Ukizijumlisha unapata volti 12.6, na ndiyo maana betri iliyojaa na kupumzika husoma kati ya volti 12.6 na 12.8 badala ya 12 kamili. Ndani ya kila seli kuna sahani za risasi zilizozama katika tindikali iliyochanganywa na maji. Mfaransa Gaston Planté alitengeneza betri ya aina hii mwaka 1859, na ingawa makasha na sahani zake zimeboreshwa sana tangu hapo, kinachotokea ndani ni kilekile: betri inapotoa umeme, sahani zake hufunikwa na utando mweupe wa salfeti ya risasi na tindikali hupungua ukali, inapochajiwa, utando ule hutoweka na tindikali hurudi kuwa kali.

Maneno matatu huchanganywa kila siku, hata na wauzaji. Fikiria simtanki lililopandishwa juu ya mnara nyumbani. Urefu wa mnara, ambao ndio unaoyapa maji msukumo wa kushuka bombani, ni mfano wa volti. Kiasi cha maji kinachopita bombani kwa wakati mmoja ni mfano wa ampea, yaani mkondo wa umeme. Ukubwa wa simtanki lenyewe, lita zake, ni mfano wa kile kinachoandikwa Ah kwenye betri, yaani ampea kwa saa: betri ya 45 Ah ikiwa nzima inaweza kutoa zaidi ya ampea mbili mfululizo kwa saa ishirini kabla haijaisha. Maji hayapandi mlima, na umeme vilevile hauingii kwenye betri kama chaja haina msukumo uliozidi ule wa betri. Kwa hiyo chaja ya "volti 12" hutoa volti 14 na ushee, na hilo halipaswi kumtisha mtu anayepima kwa mita.

Kuhusu ukubwa, magari mengi madogo ya Kijapani yanayotembea katika barabara zetu hutumia betri za NS40 zenye takriban 35 Ah, au NS60 zenye takriban 45 Ah; N70, inayoonekana kwenye magari makubwa zaidi ya dizeli, ni ya takriban 70 Ah. Hapa kuna mtego unaostahili kutajwa. Kwenye betri nyingi utakuta maandishi kama 46B24L, na watu husoma ile 46 wakidhani ni Ah. Namba hiyo ya mwanzo ni daraja la uwezo wa betri kwa utaratibu wa viwango vya Japani, herufi B hueleza upana na kimo cha kasha, 24 ni urefu wake kwa sentimita, na herufi ya mwisho huonyesha nguzo, yaani vichwa vya chanya na hasi, zimepangwa kwa upande gani. Ah hutajwa mahali pengine kwenye lebo, na hiyo ndiyo unayoihitaji unapochagua chaja.

Daladala inayojaa

Kuchaji betri kunafanana na abiria wanavyopanda daladala kituoni jioni. Gari likiwa tupu, watu huingia kwa kasi na kila mtu hupata kiti. Viti vikijaa, wanaofuata huingia mmoja mmoja wakisogezana, na konda mwenye busara huwapa wale wa ndani muda wa kujipanga. Konda akilazimisha watu waingie kwa kasi ileile ya mwanzo, mlango huvunjika na watu huumia. Gari likishajaa, kinachohitajika ni kumpandisha mmoja pale mmoja anaposhuka.

Betri iliyopungukiwa hupokea mkondo mkubwa mwanzoni bila tabu, na volti zake hupanda taratibu. Ikifika karibu na volti 14.4, ambapo imekwishajaa kwa sehemu kubwa lakini haijajaa yote, haiwezi tena kupokea kwa kasi ile. Chaja nzuri hukaa hapohapo kwenye volti 14.4 na kuiacha betri yenyewe ipunguze mkondo: ampea 4, kisha 3, kisha 1, mpaka inabaki sehemu ndogo ya ampea. Hatua hii ya pili ndiyo inayochukua saa nyingi na ndiyo inayoijaza betri kikweli. Baada ya hapo chaja hushusha volti hadi kati ya 13.5 na 13.8, kiwango ambacho kinafidia tu kile kinachovuja, na betri inaweza kubaki hivyo kwa siku nyingi bila kuchemka.

Chaja isiyojua kusimama huendelea kusukuma. Umeme unaozidi haupati pa kuhifadhiwa, hivyo huyavunja maji yaliyomo kwenye tindikali kuwa gesi mbili, haidrojeni na oksijeni. Mapovu yale ambayo baadhi ya watu huyafurahia wakisema "sasa inakula chaji" ni maji ya betri yakipotea. Mapovu machache mwishoni mwa kazi katika betri ya maji si tatizo. Kuchemka kwa saa nyingi hushusha maji chini ya kichwa cha sahani, na sehemu ya sahani iliyokauka huharibika kabisa.

Chaja iliyoniamsha usiku

Miaka kadhaa iliyopita nilinunua chaja isiyo na jina la maana, boksi lake likiwa limeandikwa ampea 20 kwa herufi nyekundu. Niliiunganisha kwenye betri ya NS60 barazani saa mbili usiku, nikalala. Alfajiri niliamshwa na harufu kama ya yai viza. Kasha la betri lilikuwa la moto kiasi kwamba kiganja hakikuvumilia kukaa juu yake, vifuniko vya seli vilikuwa na unyevu pembeni, na mita iliposhikishwa kwenye nguzo ilisoma volti 15.9. Ndani ya seli mbili nilipochungulia kwa tochi, vichwa vya sahani vilikuwa vimetokeza juu ya maji kama mawe ya pwani bahari inapokupwa. Betri ile haikufikisha mwezi wa pili. Nilipoipima chaja hiyo siku nyingine kwa mita ya kukumbatia waya, ilikuwa inatoa ampea 7 tu, siyo 20 ilizojitangazia.

Nimekisimulia kisa hiki kwa sababu kina makosa yote mawili kwa pamoja. Namba kubwa ya boksi haikuwa ya kweli, na hata kama ingekuwa ya kweli, chaja ile haikuwa na kitu ndani yake cha kuizuia volti isipande. Ndani yake mlikuwa na transfoma, diodi za kunyoosha umeme na fyuzi. Zaidi ya hapo, volti zake zilifuata volti za ukutani: umeme wa mtaa ukipanda usiku wa manane watu wanapozima vifaa vyao, nayo ilipanda.

Sisemi kwamba chaja ya transfoma ni takataka. Mafundi wengi wa betri wanaitumia, ile nzito yenye mshale unaocheza kwenye kioo, na kwao inafanya kazi kwa sababu yupo mtu anayeilinda. Nimekaa katika banda la fundi mmoja nikamwona akizungukia betri zake: anashika kasha kwa mkono, anafungua kifuniko na kutazama mapovu, anapima ukali wa tindikali ya kila seli kwa haidromita, kisha anageuza kitufe kushusha nguvu. Yeye ndiye akili ya chaja. Ukiipeleka chaja hiyohiyo nyumbani na kuiacha ikifanya kazi wakati umelala, umeondoa akili na kubakiza nguvu.

Vitu vinavyoitwa chaja ambavyo si kitu kimoja

Mkanganyiko mwingine unatokana na jina. Kile kifaa kidogo kinachofanana na powerbank ya simu, chenye klipu nyekundu na nyeusi, ni cha kubusti: hutoa mkondo mkubwa kwa sekunde chache ili stata izunguke, na hakiijazi betri ya gari hata kidogo. Kinafaa kukaa kwenye buti kwa ajili ya safari, lakini anayekinunua akidhani amepata chaja atarudi kwenye tatizo lilelile kesho yake.

Altaneta nayo ni chaja, lakini kazi yake ni kurudisha kilichotumika na kuendesha taa, feni na redio injini inapozunguka. Kuwasha gari kwenyewe hakuli chaji nyingi kama wengi wanavyodhani. Stata ikivuta ampea 150 kwa sekunde tatu, inakuwa imetumia sehemu moja ya nane tu ya Ah moja. Betri nyingi hupungua kwa sababu nyingine: gari limekaa wiki tatu bila kuguswa huku kengele ya wizi na kifaa cha kulifuatilia vikinyonya. Kifaa kinachonyonya ampea 0.05 tu kinamaliza 1.2 Ah kwa siku, yaani 24 Ah kwa siku ishirini, na hiyo ni zaidi ya nusu ya NS60. Kulizungusha gari nusu saa kwenye foleni ya Ubungo, taa zikiwaka na kiyoyozi kikifanya kazi, hakuwezi kulipa deni la namna hiyo. Betri itawasha gari jioni, kisha itagoma tena keshokutwa, na mwenye gari ataamini kwamba imekufa ilhali haijawahi kujazwa.

Ipo pia chaja ya mkondo mdogo wa kudumu, ambayo kwa kuwa ni ndogo, ampea 1 au 2, watu huiamini kwamba haiwezi kudhuru. Ikiwa haina kidhibiti cha volti, inaweza kuikausha betri kwa wiki mbili kama ile kubwa ilivyoikausha kwa usiku mmoja. Na wale wanaochaji kwa sola wajue kwamba paneli inayouzwa kama ya "volti 12" hufikia volti 20 na zaidi isipokuwa na mzigo, kwa hiyo bila kontrola, yaani kidhibiti cha chaji, katikati yake na betri, paneli hiyo ni chaja isiyojua kusimama.

Inayobaki ni ile inayoitwa chaja ya kisasa, au "smati". Ni nyepesi, ina taa kadhaa au kioo kidogo, na kifaa cha kielektroniki ndani yake hupima volti za betri na kupita katika zile hatua tatu nilizozieleza. Hii ndiyo ninayompendekezea mtu wa nyumbani bila kusita. Hata hivyo neno "smati" likiandikwa kwenye boksi halithibitishi kitu. Kinachothibitisha ni maandishi madogo ya nyuma au ya kijitabu: tafuta volti za mwisho za kuchaji, zinazopaswa kuwa kama 14.4, na volti za kushikilia baada ya kujaa, kama 13.5 hadi 13.8. Chaja isiyozitaja namba hizo mbili popote ningeiacha dukani, hata muuzaji akipunguza bei.

Ampea ngapi basi?

Kanuni ya mafundi ni sehemu moja ya kumi ya Ah za betri, na ni kanuni nzuri kwa betri ya maji. Kwa betri ya 35 Ah ni ampea 3 na nusu, kwa 45 Ah ni ampea 4 na nusu, kwa 70 Ah ni 7. Kwa hiyo chaja ya ampea 4 hadi 6 inawatosha wenye magari madogo wengi, na ya ampea 7 hadi 10 inamfaa mwenye gari la dizeli lenye betri kubwa. Betri ikichajiwa polepole haidhuriki, inachelewa tu. Ya kasi kupita kiasi hupata joto, na joto ndilo adui mkuu wa betri katika miji yetu ya pwani, ambako kasha huanza kazi likiwa na nyuzi 30 na zaidi kabla hata hujaunganisha chochote. Ikiwa chaja ina kihisi cha joto kinachoshusha volti kidogo panapokuwa na joto kali, basi inafaa zaidi Tanga, Mombasa au Dar es Salaam kuliko isiyokuwa nacho.

Muda hukadiriwa hivi: betri ya 45 Ah iliyobaki nusu inahitaji kama 22 Ah, kwa chaja ya ampea 4 hizo ni saa tano na nusu, na ukiongeza ile hatua ya pili ya taratibu, jumla hufika saa saba au nane. Ni usiku mmoja. Gharama ya umeme isikusumbue, kwani kuijaza betri kama hiyo tangu ikiwa tupu hadi ijae hula takriban uniti moja.

Betri yako ni ya aina gani

Mitaani tunasema "betri ya maji" na "betri kavu". Jina la pili limepotosha wengi, maana betri kavu ya kawaida ina tindikali ya majimaji ndani kama nyenzake. Imefungwa tu ili isihitaji kuongezwa maji. Kwa sababu huwezi kuongeza kilichopotea, betri hii ndiyo inayohitaji zaidi chaja inayojua kusimama. Kwa betri ya maji, kinachoongezwa ni maji safi ya betri, siyo tindikali. Anayeongeza tindikali kila maji yanapopungua huzila sahani zake mwenyewe.

AGM ni betri ambayo tindikali yake imefyonzwa katika mkeka wa nyuzi za kioo. Hukutwa kwenye magari mengi ya Ulaya yanayozima injini yenyewe kwenye foleni, na pia kama betri ndogo ya volti 12 katika Toyota Prius na Aqua, ambako hukaa nyuma, kwenye buti au chini ya kiti. Haivumilii kuchemshwa, kwa hiyo chaja iwe na kitufe chake au kijitabu kiseme wazi kwamba inaifaa. Wenye magari haya ya haibridi, yaani Prius, Aqua na mengine yanayotumia injini pamoja na mota ya umeme, nawasihi jambo moja kwa uzito wote: chaja tunayoizungumzia ni ya ile betri ndogo peke yake. Betri kubwa ya haibridi ina volti zaidi ya mia moja, zinazoweza kuua, na nyaya zake za rangi ya chungwa haziguswi na mtu asiyefunzwa.

Malori na mabasi mengi hutumia volti 24, yaani betri mbili za volti 12 zilizofuatana. Unaweza kuzichaji pamoja kwa chaja ya volti 24, au kuzitenganisha na kuchaji moja baada ya nyingine kwa ya volti 12. Betri za litiamu zinataka chaja yenye mpango wa litiamu, usiijaribu nyingine.

Umeme wetu na mitumba ya Japani

Pamoja na magari, bandari zetu hupokea vifaa vingi vilivyotumika Japani, chaja zikiwemo, na baadhi ni imara kweli. Lakini umeme wa Japani ni volti 100, na wetu ni 230 Tanzania na 240 Kenya. Chaja ya transfoma ya Japani ikichomekwa ukutani kwetu huungua baada ya muda mfupi, na kabla haijaungua inaweza kuipa betri zaidi ya mara mbili ya ilichokusudia. Geuza kifaa usome lebo ya nyuma: "100V" peke yake maana yake inahitaji kishusha umeme, na "100–240V" maana yake inachomekwa popote.

Jambo jingine ambalo vijitabu vya nje hulipitia haraka ni kukatika kwa umeme. Baadhi ya chaja za kisasa, umeme ukirudi, huendelea zilipoishia. Nyingine hurudi kwenye hali ya kusubiri kitufe kibonyezwe, na mwenye gari huamka kukuta taa inawaka na betri ni tupu vilevile. Jaribu mbele ya muuzaji: unganisha kwenye betri, ichague kazi, chomoa ukutani, subiri dakika moja, chomeka tena. Kwetu sisi hili lina uzito kuliko rangi ya kioo chake.

Baadhi ya yanayosemwa

Kwamba betri ikiwekwa kwenye sakafu ya sementi huvuja chaji: jambo hili lilikuwa na msingi enzi za makasha ya mbao na mpira, lakini plastiki ya leo haipitishi umeme, na ubao ule chini yake hauongezi kitu.

Kwamba jicho la kijani juu ya betri kavu linathibitisha kuwa ni nzima: jicho lile hutazama seli moja kati ya sita, nyingine tano zinaweza kuwa na lolote.

Kwamba chaja yenye kitufe cha "repair" hufufua betri iliyokufa. Hapa niwe muangalifu, maana kuna ukweli kiasi. Betri iliyokaa muda mrefu ikiwa imepungua hupata salfeti iliyogeuka chembe ngumu, na kuichaji taratibu kwa muda mrefu, pengine kwa volti za juu kidogo, huweza kurudisha sehemu ya uwezo wake ikiwa haijachelewa sana. Lakini sahani iliyomomonyoka au seli iliyogusana ndani haina kitufe. Na kwa kuwa mpango huo katika baadhi ya chaja hupandisha volti hadi 15 na ushee, ufanywe kwa betri ya maji tu, ikiwa imetolewa kwenye gari, ili vifaa vya kielektroniki vya gari visipate volti hizo.

Pia chaja ya kisasa inaweza kukataa betri iliyoisha kabisa kwa kuwa haioni volti za kutosha kuitambua. Hiyo si hitilafu ya chaja, ni kinga. Mpelekee fundi aiamshe kwanza kwa chaja yake ya transfoma huku akiitazama.

Kuunganisha

Chagua mahali penye hewa, kwa kuwa haidrojeni ikifikia asilimia 4 hivi katika hewa inaweza kulipuka kwa cheche moja, na hakuna sigara wala jiko karibu. Chaja ikiwa haijachomekwa ukutani, shika klipu nyekundu kwenye nguzo chanya, kisha nyeusi kwenye chuma tupu cha injini au bodi, mbali kidogo na betri. Katika magari mapya yenye kihisi kwenye nguzo hasi, kuunganisha kwenye bodi huliwezesha pia gari kuhesabu chaji iliyoingia. Kisha chomeka ukutani. Kumaliza ni kinyume chake: ukutani kwanza, nyeusi, nyekundu. Chaja isiyo na kinga ya kugeuziwa nguzo nisingeinunua, kwa sababu kosa hilo hufanywa gizani na mtu mwenye haraka, na hugharimu hata altaneta. Tindikali ikikurukia, osha kwa maji mengi papo hapo.

Kabla ya kulipia chaja yoyote, nunua kwanza mita ndogo ya kupimia volti. Ni rahisi kuliko chaja ya bei ya chini, na ndiyo itakayokuambia kama unahitaji chaja au unahitaji betri. Jaza betri mpaka chaja iseme imejaa, itenge na gari, iache ipumzike usiku kucha, maana volti zinazosomwa mara baada ya kuchaji ni za juu juu tu. Asubuhi ikisoma 12.6 au zaidi, imepokea chaji, na fundi wa umeme atafute kinachoinyonya. Ikisoma 12.4 imepungua kama robo, na irudie kuchajiwa mara moja zaidi. Ikiwa imeshuka hadi 12.2 au chini bila kuguswa na mtu, au imebaki kwenye 10 na ushee kwa kuwa seli moja imekufa, fedha ya chaja iongezwe kwenye fedha ya betri mpya, na betri ya zamani ipelekwe kwa wanunuzi wa betri chakavu ikiwa na tindikali yake ndani, isimwagwe mtaroni.